Kofia Mpya, Mpira wa Zamani

Kiraka nilikiona. Nisiseme sikukiona, wala nisisingizie giza, maana kulikuwa kumeshapambazuka na mlango wa ghala ulikuwa wazi hadi ukutani. Kilikuwa kiraka cha mpira wa baiskeli. Nilikizungusha kwa mikono yangu mwenyewe na kukikaza kwa uzi wa nyavu, mafundo matatu, kwenye mpira wa kupitishia mafuta wa mashine ya mtumbwi ya Wasswa. Asubuhi ile kilikuwa chini ya kofia mpya inayong'aa, ule mfuniko wa juu wa mashine ya Kato. Nikakitazama kama unavyomtazama jirani aliyekalia kiti kisicho chake kanisani. Kisha mkono wangu ukaendelea kumimina petroli.

Wasswa na Kato ni wanangu, mapacha. Tangu siku niliyowazaa hakuna aliyeniita kwa jina langu. Mimi ni Nnalongo, mama wa mapacha, hata kwa watu wanaonizidi umri. Wasswa alitangulia kutoka, Kato akamfuata, na tangu hapo Wasswa anashika cha zamani na Kato anatafuta kipya. Kila mmoja ana mtumbwi wake. Mimi nauza petroli hapa mwaloni Lwazi, ufuoni mitumbwi inapotia nanga.

Kwa miaka mingi mashine zote za Lwazi zilikuwa za aina moja, zile za mipigo miwili, ambazo oili yake huchanganywa humo humo kwenye petroli. Mashine hizo hunywa na kujipaka kwa wakati mmoja, kama mtoto anayelishwa uji hadi mashavuni. Ukiinyima oili, chuma kinasagana na chuma hadi vinashikana. Kipimo changu ni kopo moja la nyanya, lililojaa bila kumwagika, kwa dumu moja kubwa. Shule niliiacha darasa la tatu, na kipimo hicho sikukipata huko. Lakini hakuna mashine iliyowahi kufa kwa mkono wangu. Watu walikuja kutoka mialo mingine wakiwapita wauzaji wawili watatu njiani. "Mkono wa Nnalongo haukosei," walisema, nami nikaizoea sifa hiyo kama ulimi unavyozoea chumvi. Nikiikosa siku moja chakula hakishuki.

Kisha Kato akaleta mashine ya mipigo minne.

"Hii, mama, oili yake iko tumboni, ina chumba chake," alinieleza. "Petroli inaitaka kavu. Kavu kabisa."

"Kwa hiyo huyu bwana anakula chakula chake chumbani, hataki kula na wenzake?"

"Cheka tu. Ukimchanganyia umeniua mimi. Aliyeniuzia alisema tone moja la oili kwenye petroli, nisirudi kwake."

Nikatenga madumu. La mchanganyiko nililifunga shingoni kitambaa cha gome la mti, lile la petroli kavu nikaliacha shingo wazi. Ikawa hivyo kwa miezi minne, na sikukosea hata mara moja.

Mashine hazilali majini kwetu. Kila jioni zinafunguliwa mitumbwini, zinapandishwa begani hadi kwenye ghala langu na kuning'inizwa kwenye kichanja cha mbao, kila moja na tangi lake jekundu miguuni. Alfajiri najaza matangi, na mwenye mashine akifika anabeba vyake. Mashine ya Wasswa ilikuwa na kofia iliyochubuka, yenye ufa uliozibwa kwa lami. Ya Kato kofia yake ungeweza kujitazama usoni ukachana nywele.

Ila siku moja kabla ya asubuhi ninayoieleza, habari zilifika kwamba wezi wameingia mwalo wa jirani wakabeba mashine mbili mpya na kuziacha zile kuukuu. Mimi nilikuwa msibani, upande wa pili wa kisiwa. Wanangu wakakaa ghalani wakapanga la kufanya, na walilolifanya lilikuwa la akili: wakabadilishana kofia. Kofia mpya juu ya mashine kuukuu, kofia yenye ufa juu ya mashine mpya.

"Kwa hiyo yangu ndiyo iibwe?" Wasswa aliuliza.

"Ikiibwa tutatumia yangu pamoja," Kato akamjibu. "Lakini mdomo ufunge. Aambiwe mama tu."

Wasswa akaelewa kwamba Kato ndiye atakayemwambia mama, na Kato akaelewa ni Wasswa. Hayo niliyajua baadaye. Tangu utotoni wanangu hawa kila mmoja hudhani mwenzake ameshasema.

Asubuhi ile haikuwa ya kawaida. Mjukuu wangu Nantume, binti wa Wasswa, alikuwa anakwenda kisiwa cha Bugala kufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, yeye na wenzake watatu, pamoja na mwalimu wao Ssebunya. Kwetu hakuna kituo cha mtihani. Mlango wa chumba ungefungwa saa tatu kamili, na somo la kwanza lilikuwa hesabu. Atakayechelewa angesubiri mwaka mzima, na kwetu mwaka mmoja unatosha mtoto wa kike kupotelea kwenye vichanja vya dagaa asirudi tena darasani. Nawajua waliopotea. Mimi ni mmojawapo.

Nantume alipiga magoti kunisalimu, sketi yake imepigwa pasi hadi mikunjo inakata.

"Jjajja, niombee hesabu."

"Mimi najua hesabu ya kopo na dumu tu, mama."

"Basi ndiyo hiyo hiyo inayotoka, Jjajja. Kopo moja kwa dumu moja, je, madumu matano?"

"Makopo matano. Na moja la jirani mwenye njaa."

Akacheka, akainuka, akakung'uta magoti. Nikiwa nimempa mgongo, Wasswa alikuwa ameshabeba mashine yake hadi majini, na tangi nililolijaza kwa mkono huu. Walisukuma mtumbwi saa moja kamili. Niliusikiliza mngurumo hadi ukapotea nyuma ya mwamba. Kisha nikala kipande cha muhogo wa jana.

Saa moja na nusu Kato akaja, anapiga mluzi. Akafungua kifuniko cha tangi lake, akalinusa, mluzi ukakatika.

"Mama. Humu umetia nini?"

"Petroli. Ulitaka nitie maziwa?"

"Mbona ya kijani? Mbona inanuka oili?"

Nilimgeukia nikiwa na jibu kali mdomoni. Nikaitazama mashine iliyobaki kichanjani, ile yenye kofia ya ufa. Kato akafungua kishikio, akainyanyua kofia, na chini yake chuma kilikuwa kipya, cheupe.

"Tulibadilisha kofia," akasema polepole. "Wasswa hakukwambia?"

Nikakaa juu ya dumu. Sikuhitaji kufikiri. Kiraka kile kilinijia machoni, na mafundo yake matatu.

"Wasswa amekwenda na petroli kavu," nikasema.

Kato alipiga simu. Hakupatikana. Akapiga tena, akatembea hadi kwenye kichuguu ambapo mtandao hushika, akapiga, akarudi anakimbia.

"Nikimbilie mwalo wa pili nikalete petroli kavu. Namwaga hii, nasafisha tangi, naondoka."

"Mwalo wa pili ni saa nzima kwenda peke yake."

"Sasa nifanye nini? Kavu yote umempa yeye!"

"Washa na hiyo hiyo."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia atie mchanga. Yudaya, mwanamke anayeanika dagaa mbele ya ghala, alikuwa ameshasimama na ufagio wake, masikio yote kwetu.

"Mama, mashine hii ndiyo maisha yangu."

"Nisikilize. Ile ya Wasswa ikinyimwa oili inakufa, kwa sababu haina nyingine. Hii yako oili yake iko tumboni, hakuna aliyeigusa. Ukiinywesha mchanganyiko itakohoa, itatoa moshi, plagi zitachafuka. Pikipiki ya katekista ilikunywa dumu langu lenye kitambaa mwaka ule alipojitilia mwenyewe, nikimkataza. Ilifuka hadi kanisani. Mpaka leo anaipanda."

"Pikipiki ni pikipiki."

"Mipigo minne ni mipigo minne."

"Na ikifa?"

"Ikifa tutapiga kasia. Mwenzio nadhani ameshaanza."

Yudaya akasema, si kwa sauti ndogo, "Haya, leo mkono wa Nnalongo umelala upande gani?" Kwa kawaida ningemjibu hadi aombe radhi. Nilichukua chupa ya oili, kopo langu la nyanya na spana ya plagi, nikamfuata Kato majini nimeinua gauni langu la gomesi hadi magotini.

Mashine iliwaka kwa mvuto wa tatu. Ilikohoa, ikapiga chafya, kisha ikashika, na nyuma yetu ukafunguka moshi wa buluu mzito kama wa tanuri la matofali. Kato aliendesha akiwa ameukunja uso, jicho moja mbele, jingine kwenye mashine. Kila ilipobadilisha sauti, bega lake liliruka. Tulipopita mtumbwi wa wavuvi wa sangara, mmoja akapaza sauti, "Kato! Unapika nini huko nyuma?"

"Bibi yako!" Kato akajibu, kisha akakumbuka nimekaa mbele yake. "Samahani, mama."

Nilikuwa nimeshika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili. Ziwa lilikuwa limetulia mno, na utulivu ule ulinichosha kuliko mawimbi, maana macho yangu hayakuwa na kitu cha kushika. Kila kipande cha gugumaji kilikuwa mtumbwi. Kila ndege alikuwa kichwa cha mtoto. Nikajiambia: kama kiraka kile ningekiinamia tu, nikakigusa, ningekumbuka uzi wangu. Nikajijibu: nani hutia shaka kofia inayong'aa? Nikajijibu tena: wewe. Wewe ulitia shaka. Ulisimamisha mkono kiasi cha kumeza mate. Na kilichokusukuma uendelee ni kwamba Nnalongo hahitaji kuangalia mara mbili.

Hilo hakuna aliyelijua ila mimi. Na hakuna ambaye angelijua. Kofia zilibadilishwa, mama hakuambiwa: hadithi ilikuwa imekamilika bila mimi, ina wakosaji wawili, na mimi nimekaa katikati yake nimeonewa. Nilishangaa jinsi ilivyonienea vizuri.

Tuliwaona ilipopita kidogo saa mbili na robo. Mtumbwi wa Wasswa ulikuwa umekaa ubavu kwa mkondo, Bugala ikionekana mbele, si mbali kwa macho, mbali kwa kasia. Wasswa na mwalimu walikuwa wanapiga makasia. Wavulana wawili walisukuma maji kwa vipande vya ubao wa sakafu. Nantume alikuwa anachota maji yaliyoingia, mfuko wake wa plastiki wenye kalamu na rula ameung'ata kwa meno usilowe.

Wasswa alipouona moshi wetu alisimama wima.

"Wewe!" alimpigia Kato kelele kabla hatujafika. "Oili yangu unaichoma wewe, mimi umeniachia petroli kavu! Mashine imeshikana! Kamba haivutiki!"

"Kaka, ngoja—"

"Ningoje nini? Kofia ulitaka wewe, ujanja ulileta wewe!"

"Ulikubali!"

"Nilikubali kofia, sikukubali kifo!"

Mwalimu Ssebunya alikohoa kwa adabu. "Mabwana, mtapigana baada ya saa tatu."

"Watoto kwanza," nikasema. "Pandisheni watoto."

Wakavushwa mmoja mmoja, mwalimu nyuma yao, Wasswa akiwashika kiuno, Kato akiwapokea. Nantume alipita mbele yangu akiwa amelowa hadi kiunoni, mikunjo yote ya pasi imekwisha. Nikamfuta viganja kwa mkanda wa gomesi langu. Vilibaki na harufu ya petroli.

"Jjajja, tutafika?"

Sikujua. Nilimwambia, "Kalamu usiilowanishe."

Mtumbwi wa Kato ulizama hadi karibu na ukingo. Nikaona nilivyo mzito, nikavuka kwenda kwa Wasswa. Kato alikuwa ameshashika kamba ya mashine, akasita, akamtazama ndugu yake.

"Kosa ni langu, Wasswa. Mama sikumwambia."

Wasswa alishusha pumzi. Hasira yake haikuwahi kudumu. Ni ya mtu anayechoka kuibeba. Akanigeukia, na usoni mwake nikaona huruma.

"Mama angejuaje," akasema.

Kato akawasha, moshi ukatufunika sote, ukapungua, na mtumbwi wao ukawa mdogo mbele ya Bugala. Tukabaki wawili na mashine iliyokufa ikiwa na kofia nzuri kichwani.

Wasswa aliketi, akainamisha kichwa. "Ilikuwa inakwenda vizuri, mama. Vizuri kuliko siku zote. Kisha ikalia mara moja kama mbuzi, basi."

Ile huruma yake ilikuwa imenikalia begani kama mkono wa mtu unayemdanganya. Ningeweza kuuacha ukae hapo. Ungekaa hadi siku ya kunizika, angeuweka hata juu ya sanduku.

"Mpira niliuona," nikasema.

"Mpira gani?"

"Wa mafuta. Wenye kiraka changu. Ulikuwa unatoka chini ya kofia ya Kato, nikauona, nikasimama. Nikajua kuna kitu. Kisha nikamimina."

Maji yalipiga ubavu wa mtumbwi, mara moja, mara ya pili. Ndege mweusi alizama, akaibuka mbali na pale alipozamia.

"Kwa nini?" akauliza hatimaye, bila ukali.

"Kwa sababu mkono ulikuwa wangu."

Akatazama nyuma, njia tuliyotoka, ambako hakukuwa na alama yoyote juu ya maji.

"Na mimi moshi niliuona umekwisha," akasema. "Pale tulipopita mwamba. Miaka yote hii nameza moshi wake, leo unakwisha ghafla. Nikamwambia mwalimu, unaona, mashine imepona." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na meno. "Nikaongeza mwendo."

"Leta oili," akasema.

Akaivua ile kofia na kuiweka sakafuni, uso chini. Akafungua plagi zote mbili, akazipuliza, akazitia mfukoni. Mimi nikajaza kopo. Kwa mara ya kwanza nikamwomba mtu anishikie mkono. Tukamimina pamoja kwenye matundu, taratibu, kitone kwa kitone, tukiacha oili ishuke yenyewe hadi pale chuma kilipokumbatia chuma. Kazi hiyo haina haraka. Wakati mwingine mashine hukubali. Wakati mwingine unakuwa umeiosha maiti tu.

Kwa mbali tulikuwa bado tunaisikia ya Kato, ikikohoa. Sauti husafiri sana juu ya maji yaliyolala. Wasswa alitoa simu, akaitazama, akairudisha.

"Saa ngapi?"

"Usiulize, mama."

Na hapo sauti ikakatika.

Tulitazamana. Nilinyanyuka nusu, nikaweka mkono juu ya macho, lakini ufuo wa Bugala ulikuwa mstari wa kijani tu, na jua lilikuwa limeupiga usoni. Ama walikuwa wamefika, ama imekufa hatua chache kabla. Masikioni mwangu hakukuwa na tofauti. Niliwaona wakikimbia kupanda kilima cha shule, Nantume mbele na mfuko wake. Na papo hapo niliwaona wakipiga maji kwa viganja. Picha hizo mbili zilikataa kuachana.

"Shika hapa," Wasswa akasema, akanipa ncha ya kamba ya kuwashia. Yeye akaweka viganja vyake juu ya gurudumu la mashine, akalikaza kama anayefungua mfuniko wa mtungi. "Usivute kwa nguvu. Sikiliza tu."

Nikavuta. Ilikuwa kama kuvuta mti. Nikavuta tena, na safari hii sikutazama kofia iliyolala sakafuni wala ufuo wa mbali. Niliyafumba macho, nikaiweka akili yote kwenye vidole. Ndani kabisa, chini ya chuma, kitu kilijongea. Upana wa ukucha, si zaidi.

"Umesikia?" Wasswa akanong'ona.

Nilitaka kujibu kwamba nimesikia, lakini nikashika tena ile kamba niwe na hakika. Kutoka upande wa Bugala, nyembamba kama uzi wa nyavu, mashine ya Kato ilikohoa mara moja, ikatulia, kisha ikakohoa tena.